Chujio Halina Mjomba

Chujio halina mjomba. Jana kwenye kikao cha ukoo, watu walipokuwa wakimtetea binamu yenu kwa ule ukuta aliojenga ukabomoka, babu yenu alisema maneno hayo tu. Mkacheka, kisha mkaniuliza: chujio na mjomba, wapi na wapi? Haya, menyeni viazi huku mnasikiliza. Chanzo chake nakijua. Nilikuwepo nimekaa kwenye benchi, na wewe Faraja ulikuwa tumboni.

Methali hii ilizaliwa hapa hapa Njombe, kwenye gereji ya Fundi Lutengano, asubuhi moja ya baridi kali.

Ulikuwa umelala vibaya, Faraja. Nesi wa zahanati akaandika niende hospitali kubwa, kule chini ya mteremko wa kona kumi na saba. Gari la zahanati lilipitishwa gereji kwanza kubadilishwa oili, nami nikakaa nikisubiri na beseni langu na khanga zangu. Gari lenyewe lilikuwa na tabia moja. Kila asubuhi likiwashwa, injini ililia kwa mbele kama mtu anayetikisa kopo la misumari, kwa muda wa kupiga chafya mbili, kisha ikanyamaza.

Fundi Lutengano alipima injini kwa sikio. Alisimamisha bisibisi ndefu juu ya injini, akaweka mpini sikioni, akafumba macho, na gereji nzima ikanyamaza kama kanisani. Asubuhi ile alifumbua macho akasema, "Baridi hiyo. Tieni oili nzito, gari liende." Hakuna aliyebisha. Mkoa mzima ulikuwa haubishani na sikio lile.

Chini ya gari alikuwepo Enesia, binti wa dada yake, aliyetoka kusoma ufundi wa magari chuoni. Pale gerejini oili chafu haikuangaliwa na mtu. Ilimiminwa kwenye debe, na jirani akaichukua kupaka nguzo za uzio zisiliwe na mchwa. Siku ile Enesia hakumimina. Aliazima chujio kwa mama muuza chai, akaichuja.

"Chujio langu!" mama wa chai akapiga kelele. "Utanunua jingine, mwanaharamu mkubwa wewe!"

"Nitanunua mawili," akajibu, bila kuinua kichwa.

Akaosha kilichobaki kwa petroli, akakitandaza kwenye gazeti, akapitisha sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Unga wa chuma uliometameta ukarukia sumaku. Vipande vya kahawia, vyembamba na vigumu kama kucha za miguu za mzee, vikabaki pale pale.

"Mjomba, njoo uone. Hii ni plastiki."

"Takataka za kopo la oili. Funga nati."

"Kopo halina njia ya cheni." Akaunga vipande viwili. Juu yake ilipita mifereji miwili, imesuguliwa ikawa laini. "Hivi ni vile vibao vinavyoibana cheni ya mbele isicheze. Cheni imeshavila, sasa inakula chuma. Ikiruka meno pale mteremkoni, injini itazimika, na breki itakuwa ngumu kama ukuta."

Fundi Lutengano akacheka, akawageukia watu. "Sikio langu lina miaka thelathini kazini. La kwako lilianza lini?"

"Sikio lako naliheshimu, mjomba. Lakini sikio linaweza kusikia linachokipenda. Chujio halina mjomba."

Watu wakaguna. Mzee akanyoosha mkono. "Lete nati ya sampo."

Bila nati ile, inayoziba tundu la kumwagia oili chini ya injini, oili haikai, na bila oili gari haliondoki. Enesia akaitazama, akaifuta, akaitumbukiza kifuani, ndani ya sidiria, mahali ambapo mjomba hawezi kupekua.

"Enesia!" Kastory, dereva, akanionyesha kwa kidole. "Mgonjwa huyo hapo!"

Sitawadanganya: nilitaka kumzaba kofi. Mgongo ulikuwa unakatika. Nikamwambia, "Wewe binti, mwanangu afe kwa sababu ya kucha zako hizo?"

Hakunibembeleza. Aliniwekea kipande mkononi. "Papasa, mama. Kisha uniambie kama unapanda."

Nilikuwa na stashahada ya kilimo, ya injini sikujua kitu. Lakini jembe lililolika nalijua, na kidole changu kiliisikia ile mifereji. Nikachukua beseni langu.

"Sipandi."

Kastory akalaani, akaenda kumsimamisha mfanyabiashara wa viazi. Nikashuka mteremko ule kwenye pikapu, katikati ya magunia, nikimtukana Enesia kona zote kumi na saba. Tulipokuwa tukiondoka nilimsikia mzee nyuma yangu akifoka, "Ifungueni hiyo injini! Nikiikuta cheni nzima, huyu arudi kwa mama yake leo leo!"

"Na ukiikuta imelegea, mjomba?"

Pikapu ikakata kona, sikusikia zaidi.

Siku ya tisa nilirudi na wewe mgongoni. Vyuma vilikuwa bado vimetandazwa kwenye gunia, maana Enesia aligoma visiondolewe mpaka kila aliyeguna aje aone. Kibao kimoja kilikuwa kimekatika nusu. Cha pili kilikuwa kimelika mpaka kwenye chuma chake. Cheni niliivuta mwenyewe kwa kidole kimoja, ikachomoka kwenye meno ya gia bila ubishi.

Fundi Lutengano alikuwa amekaa kando. Radhi hakuomba, wajomba wa kizazi kile hawakufundishwa. Tukiwa pale, mwanawe wa kwanza akaingia na gari lake, linalia mbele.

"Baba, lisikilize mara moja tu, nina haraka."

Mzee akachukua bisibisi. Kisha akairudisha kwenye sanduku na kufunga kifuniko.

"Enesia! Fungua oili ya huyu, uichuje."

"Baba, mimi mwanao! Sikio lako linanitosha."

"Zima gari, ushuke," mzee akasema. "Chujio halina mjomba. Wala baba halina."

Basi, mtu akija kuwatajia yeye ni mtoto wa nani, msibishane naye. Angalieni kilichobaki baada ya kuchuja, na nati mkae nayo kifuani. Ukuta umebomoka, umebomoka. Chujio halina mjomba.