Goti la Mwakombo

Paukwa!

"Pakawa!"

Mnaitika kama waliolala njaa. Haya, sikilizeni.

Hapo kale, babu zenu wakiwa bado wananyonya, palikuwa na mgema jina lake Mwakombo. Siku moja akateleza mnazini. Puu! Mfupa wa muundi ukavunjika, pale pale chini ya goti.

Akaitwa Bibi Mwanatumu, kikongwe aliyeunga mifupa ya kijiji kizima. Akavuta, akafunga vijiti, akasema, "Lala." Mwakombo akalala. Mvua zikaja, zikaenda. Minazi yake akapewa shemeji yake aigeme, na wazee wakasema mwenyewe hatarudishiwa mpaka Bibi atamke kuwa amepona. Roho ilimuuma. Kila tembo la minazi yake liliposifiwa, koo lilimkauka.

Siku ya kukaguliwa, watu wakajaa uwanjani. Mwakombo akatembea. Kwatu, kwatu, kifua mbele. Akageuka. Kwatu, kwatu. Watu wakapiga makofi.

"Umetembea vizuri," Bibi akasema. "Chuchumaa."

"Bibi, mimi nakwea minazi, sitagi mayai."

"Chuchumaa."

"Mtu mzima mimi, mbele ya wakwe zangu?"

Bibi akamgeukia mkewe. "Mbodze, huyu chooni anafanyaje?"

Mbodze akatazama chini. "Akimaliza ananiita, Bibi. Namvuta."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwakombo alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Na juu ya mnazi atakuvuta nani?" Bibi akamwuliza. "Nenda kajizoeze. Siku utakayoinuka mwenyewe, panda."

Akaenda amenuna. Kila asubuhi akachuchumaa chooni, akaugulia, akamtukana Bibi na ukoo wake wote, kisha akaita, "Mbodze." Mbodze akamvuta. Kesho yake, "Mbodze." Akamvuta.

Asubuhi moja akamaliza, akafungua kinywa aite. Kabla jina halijatoka, akajikuta amesimama. Akatoka nje, na mkewe alikuwa pale mlangoni, mkono tayari ameunyoosha. Mwakombo akalia waziwazi. Mbodze akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio.

"Kuna nini? Amezaliwa mtoto?"

"Mume wangu ameinuka chooni peke yake."

Kijiji kizima kikaja kumpa hongera. Shemeji mtu akashuka mnazini bila kuambiwa.

Basi ninyi mnaojigamba kuwa mmepona, msituonyeshe tu mnavyotembea uwanjani. Semeni nani bado anawavuta, na mumshukuru.

Hadithi yangu inakomea hapo. Haya, mmoja wenu anishike mkono niinuke.