Goti la Digidigi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa mwenye mbio!

— Mbio za kwenda wapi?

Za kuzunguka na kurudi palepale!

— Basi zungusha, tunakufuata!

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa hili: mke wa Digidigi alipitisha ulimi juu ya goti la mumewe, akasema, "Limepata moto. Liambie pole, mume wangu, kisha leo ulale."

Digidigi akacheka. "Goti halina masikio."

"Masikio linayo. Asiyekuwa nayo ni wewe."

Digidigi ni mnyama mdogo wa nyika, ndugu wa swala, mwenye miguu kama njiti. Mume na mke huishi wawili tu katika eneo lao, na mpaka wa eneo hilo huwekwa kwa machozi. Karibu na jicho wana tundu dogo litoalo chozi jeusi, nao hulipaka kwenye ncha za vijiti. Mke hupaka kwanza. Mume hufuata, akapaka lake juu ya lile la mke. Ndiyo desturi yao.

Digidigi huyu aliuzunguka mpaka wake kila asubuhi, tiki-tiki-tiki, tangu ujana. Mvua ikinyesha, alikimbia. Jua likiwaka, alikimbia. Mwiba ukimchoma, alikimbia mpaka mwiba ukachoka ukatoka wenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake, na nyika nzima iliijua. Digidigi hapumziki.

Siku ile pia alikimbia. Aliporudi, mkewe alikuwa amelala upande wake wa kichaka. Hakuwa na jeraha. Hakuna aliyemgusa. Alilala tu, hakuamka.

Tangu siku ile Digidigi akaogopa kujilaza. Alisinzia amesimama. Asubuhi alikimbia, na jioni akakimbia tena, jambo ambalo zamani hakulifanya. Goti likavimba likawa kama tunda la ndulele. Alipaka machozi kwenye vijiti vyote vya mpakani, ila kimoja. Kile cha mwisho, karibu na mlango wa kichaka, alikipita bila kusimama. Hapo ndipo mkewe alipopaka chozi lake la mwisho.

Sasa, juu ya kichuguu alikaa Fisi.

Shingo nene, taya pana, tumbo lisilojua neno "tosha". Fisi huyu hakupenda kufukuza mtu. Kazi yake ilikuwa kutazama miguu. Aliyetembea sawa, alimwacha apite. Aliyechechemea, alimfuata. Fisi wenzake walikuwa hivyohivyo. Hata ndugu yao akichechemea, walimtazama mguu kwanza, undugu baadaye.

Siku moja Mama Kanga alikuja mbio mpaka mlangoni kwa Digidigi, manyoya yamemsimama.

"Jirani! Jirani, kesho usipite kichuguuni! Fisi ameuona mguu wako. Anasema wewe huna haja ya kuwindwa. Wewe ni kama mto, mtu anakaa ukingoni na kibuyu chake, anangoja upite."

"Nitapita kwa kasi."

"Kwa mguu upi?"

Digidigi akaurudisha mguu nyuma.

"Lala humu ndani, jirani. Miiba hii Fisi haiwezi. Lakini usijulikane kwamba umo, maana mlango ni mmoja. Akijua umo, atakaa hapa hapa mpaka kiu ikutoe."

"Mke wangu alilala, Mama Kanga."

Mama Kanga akayalaza manyoya yake, akaondoka bila kelele. Kanga kunyamaza si jambo dogo.

Asubuhi ilipofika, Digidigi aliinua mguu aende mbio. Goti likakataa. Akaanguka ubavu, pu! Akajaribu tena. Pu! Akabaki chini, kifua kikimpiga, akingoja kuona kama kulala kutamuua.

Kabla hajajua, akasikia mtu anakuja. Nusa, nusa. Fisi alikuwa amechoka kungoja, ameteremka kichuguuni, anafuata njia ya mpaka. Nusa, nusa. Kila kijiti kilinuka Digidigi. Akafika mlangoni, akasimama. Ni miiba tu iliyowatenganisha.

"Ajabu," Fisi akajisemea. "Hajapita bado. Au leo amelala?"

Fisi akiliamini neno hilo, basi yamekwisha. Digidigi akageuza pua upande wa pili wa kichaka, ili sauti isikike kama inatoka nje, akapiga mluzi wake mkali, zik-zik!

"Mzee Fisi! Unaningoja mimi? Nimeshapita zamani! Naanza mzunguko wa pili!"

Fisi akaruka. "Umepita saa ngapi?"

"Ulipokuwa unapiga miayo!"

Na kwa kuwa nyika nzima ilijua kwamba Digidigi hapumziki, Fisi hakulitilia shaka. Akatimua mbio kuuzunguka mpaka, pu-pu-pu-pu. Akazunguka, akarudi. Hakuona mtu.

Zik-zik! "Pole, mzee! Nimepita tena!"

Pu-pu-pu-pu. Akazunguka, akarudi. Hakuona mtu.

Zik-zik! "Jitahidi, mzee! Nimekuona mgongo!"

Pu-pu-pu-pu. Njia ile ilikuwa ya vijiguu vya njiti, si ya miguu ya Fisi. Penye shimo la ngiri, mguu wake wa nyuma ukazama. Kwach! Akarudi akichechemea, pu-kwaru, pu-kwaru, akasimama mlangoni.

"We mdogo! Jana nilikuona unachechemea. Leo unanipitaje?"

"Goti bado linaniuma, mzee."

"Sasa unafanyaje?"

Jibu Digidigi alikuwa nalo. Alikuwa amempa mkewe jibu hilo hilo miaka yote ya ndoa yao.

"Nalikimbiza. Maumivu ni mgeni, mzee. Ukimpa kigoda, atakaa. Usimpe kigoda."

"Na nikipumzika leo tu?"

"Leo itaita kesho. Kesho itaita keshokutwa. Mwishowe utakuwa mtu wa kusimulia mbio."

Aliyasema hayo amelala ubavu, goti lake limelazwa juu ya majani mabichi.

Fisi akakunja uso. "Kwa hiyo niukimbize hivi hivi, unavyouma?"

"Ukimbize mpaka uone haya."

Fisi akaondoka, pu-kwaru, pu-kwaru. Safari hii alikawia. Aliporudi povu lilikuwa limemjaa mdomoni. Lakini hakuondoka mara moja. Alisogea mpaka pua yake ikagusa miiba, akatega sikio.

"We mdogo."

"Naam, mzee."

"Tumekimbia tangu asubuhi. Mimi nahema mpaka mbavu zinagongana. Wewe mbona huhemi?"

Jani moja lilidondoka, Digidigi akalisikia likifika chini. Akianza kuhema sasa, atajulikana anaigiza. Asipojibu, Fisi atashuku kwamba yumo ndani.

"Kuhema," akasema taratibu, "ni ugonjwa wa wanaopumzika. Mtu akisimama, pumzi humkimbia, naye akianza tena lazima aitafute. Mimi sijasimama tangu ujana wangu. Pumzi yangu haijawahi kupotea."

Fisi akafikiri. Unaweza kumsikia Fisi akifikiri, taya husaga.

"Kumbe ndiyo siri!"

"Ndiyo hiyo, mzee. Usimwambie mtu."

Pu-kwaru, pu-kwaru. Akazunguka. Pu... kwaru. Pu... kwaru. Akarudi. Na alipofika palepale mlangoni, mguu ukasema, ta! Fisi akaanguka chini kama gogo, akauziba mlango wote.

"Nimeshindwa," akasema. "Nitalala hapa hapa. Leo, kesho, mpaka nipone. Wewe endelea na mbio zako."

Hapo Digidigi akaona kifo. Fisi hajui, lakini amekaa pale pale ambapo angekaa kama angejua. Kiu ilishaanza kumkausha ulimi. Goti lilikuwa zito. Akakumbuka kwamba Fisi naye ana ndugu.

"Lala, mzee," akasema. "Umefanya vizuri. Kupumzika si aibu. Ila nilipopita huko juu niliona wenzako wawili wamepanda kichuguuni."

Fisi akafumbua jicho. "Wanafanya nini?"

"Wamekaa tu."

"Wamekaa tu?"

"Wanatazama miguu."

Fisi akainuka. Hakuinuka kama mgonjwa; aliinuka kama mwizi aliyeitwa jina. Akaondoka akijilazimisha kutembea sawa, kiuno amekishusha ili mguu usionekane, meno nje akicheka ili aonekane mzima. Akapita mpakani, akapita mtoni, hakusimama kupumzika. Mpaka leo mtazameni Fisi, kiuno chini, kicheko juu, anaificha siku ile.

Kichuguuni hapakuwa na mtu. Na kutoka alipolala, Digidigi hangeweza kukiona.

Funzo la hadithi hii, enyi mnaosikiliza, liko wazi. Msipumzike hata siku moja. Mguu ukiuma, ukimbizeni. Goti likivimba, lifokeeni. Mwenye kulala hupitwa, na mwenye kukimbia hushinda. Asiyeamini akamuulize Fisi, kama atamkuta amesimama.

Hadithi yangu imefika, imekaa kitako. Aliyeipenda aichukue akimbie nayo. Aliyechoka nayo ailaze hapa, nitaiamsha mimi.

— Ngoja kwanza! Digidigi je? Alilala, akaamka?

Aliamka.

— Kesho yake alifanya nini?

Kesho yake asubuhi hakwenda mbio. Alibaki chini mpaka jua lilipompata mgongoni. Alipinda shingo akalilamba goti mwenyewe, akaliambia pole, akangoja kidogo kama anayetaka kuona litajibu nini. Kisha akatoka kwa kutembea. Hakwenda mbali. Alifika kwenye kile kijiti cha mwisho, karibu na mlango. Chozi la mkewe lilikuwa bado lipo, limekauka, limebaki doa dogo jeusi kwenye ncha. Desturi ilimtaka apake lake juu yake.

Alitafuta kijiti cha pembeni, akapaka hapo.