Mlio Miguuni mwa Kulungu wa Theluji

Sogeeni, na mwenye shuka ajifunike, maana hadithi hii ni ya baridi. Wala sisemi baridi ya kipupwe, hiyo inayowafanya mgombanie nafasi karibu na jiko. Nasema baridi ya kaskazini kabisa mwa dunia, ambako mto husimama ukawa barabara, na jua likishatua mwanzoni mwa msimu huenda zake moja kwa moja, lisirudi mpaka watu wameanza kuisahau sura yake. Huko kuna misitu ya misonobari isiyo na mwisho, na humo huishi kulungu wa theluji, mnyama mwenye pembe zilizotawanyika kama matawi na manyoya mpaka puani.

Ukimkaribia kulungu huyo anapotembea, utasikia miguu yake ikilia. Tak, tak, tak, kama mtu anayealisha vidole. Si kwamba anaumwa viungo, wala si uzee. Ndivyo alivyo. Lakini zamani hakuwa hivyo. Enzi hizo alipita juu ya theluji kimya kabisa, na ungefumba macho angekupita ubavuni usijue. Wenyeji wake walimsifia ukimya huo, kama watu wanavyosifia kitu ambacho hakijawatia hasarani bado.

Watu wa huko maisha yao yote yalikuwa kulungu. Walikunywa maziwa yake, walivaa ngozi yake, na walipohama ndiye aliyewavutia sleji, gari lisilo na magurudumu, mbao tu zilizopindwa mbele zipate kuteleza. Kila majira ya baridi walihama kutoka ziwani kwenda kambi ya msituni. Wanaume walitangulia na kundi, na wanawake walifuata na msafara wa sleji zenye mahema, masufuria, watoto na wazee. Hatamu ya kila kulungu ilifungwa nyuma ya sleji iliyomtangulia, na shingoni kila mmoja alivaa kengele, ili wa mbele ajue kwamba wa nyuma yupo.

Ila njiani palikuwa na msitu wa mbwamwitu. Hapo kengele zote zilinyamazishwa. Zilijazwa ndevu za miti, ule ukoga mkavu wa kijivu unaoning'inia matawini, na msafara ukapita bila kikohozi. Tena palikuwa na sheria moja ya wazee, ngumu kumeza: mtoto wa kiongozi wa msafara husafiri katika sleji ya mwisho. Sababu yake mtu mzima haelezwi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kiongozi ambaye mwanawe yuko mkiani hathubutu kukimbia akawaacha wa nyuma.

Mwaka huo msafara uliongozwa na Aile, mwanamke kijana mpenda nyimbo aliyejifungua binti wake wa kwanza, Ravna, kabla tu ya theluji kuanguka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza. Kabla yake kiongozi alikuwa mama mkwe wake, Bi Sunna, lakini magoti yalikuwa yamemkatalia, naye akamkabidhi fimbo ya uongozi kwa shingo upande.

"Mwanangu alileta nyumbani mwimbaji," alisema Bi Sunna mbele ya watu, akipanda sleji ya mwisho na mjukuu kifuani. "Tutaona kama nyimbo zinajua njia."

Aile alicheka na wenzake, lakini neno lile lilimkaa moyoni kama mwiba. Akaapa kwamba msafara wake utakuwa kimya kuliko misafara yote aliyowahi kuongoza Bi Sunna. Walipofika ukingoni mwa msitu alizijaza kengele kwa mkono wake mwenyewe, moja baada ya moja. Kisha akasikia mafundo ya hatamu yakikwaruza mbao. Basi akayashindilia na hayo pia ndevu za miti, kila fundo, mpaka lile la mwisho.

Nanyi mnaofuga mbuzi mmeshaanza kutabasamu. Ndevu za miti ndicho chakula cha kulungu anachokipenda kuliko vyote duniani! Aile alikuwa amemwekea mnyama mwenye njaa sahani ya pilau mbele ya mdomo, halafu akamwambia atembee na asiguse. Wengi waliguna tu, kwa sababu mafundo yalikuwa mbali na midomo yao. Wa mwisho, jike mzee wa kijivu aliyekuwa akimvuta Bi Sunna na mtoto, alinyoosha shingo akachomoa ukoga kidogo, akatafuna. Akachomoa tena. Fundo lililokazwa juu ya ukoga likalegea, na hatamu ikateleza.

Jioni ya huko huitambui kwa jua, unaitambua kwa tumbo. Aile aliposikia tumbo likimwambia ni jioni, alikuwa amefika mtoni, nusu ya msitu, na theluji ilikuwa ikianguka nene. Alisimamisha msafara akarudi nyuma akimgusa kila kulungu puani. Alipofika mwisho mkono wake ulishika hewa. Akapapasa nyuma ya sleji, akakuta nyuzi chache za ukoga zilizolowa mate. Akaelewa yote papo hapo.

Alama za sleji zilikuwa zimefukiwa. Akiita, mbwamwitu watasikia kabla ya mama mkwe, na mtoni pale walikuwapo watoto wa wenzake. Akizibua kengele, ni yale yale. Bi Sunna naye, popote alipokuwa, alikuwa amebana midomo kwa sababu hiyo hiyo, na mtoto akilia ndio mwisho wa wote wawili. Na kulungu hakuwa na sauti ya kumwita mwenzake. Ukimya uliosifiwa vizazi na vizazi ulikuwa sasa umemmeza Ravna.

Aile alirudi kwenye sleji yake ya mbele akalia, sifichi. Alilia bila sauti, akapiga paji la uso kwenye ubavu wa sleji. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, naye bila kufikiri akavialisha, kama afanyavyo kila mtu wa huko ili damu irudi. Tak. Wakati huo huo msonobari ulipasuka kwa baridi ng'ambo ya mto, maana kwenye baridi kali miti hupasuka yenyewe kutwa na kucha. Jike lake la mbele, Njaavi, halikushughulika na msonobari. Lakini kwa vidole liligeuza masikio.

Aile akaacha kulia. Akaalisha kidole kingine. Masikio yakageuka tena.

Hapo akili ikafunguka. Kulungu anautofautisha mlio ule na mti. Mbwamwitu je? Hakuna aliyewahi kuona mbwamwitu akikimbilia mti uliopasuka; angekimbia usiku kucha asile kitu. Ni mlio wa kumwita rafiki mbele ya pua ya adui. Tatizo ni kwamba vidole ni kumi, na kidole kikishalia hugoma.

Basi Aile alishika mshipi wake. Na mjue kwamba mwanamke wa huko akiolewa, mama mkwe humvisha mshipi wenye vishikizo vya pembe, naye havibandui mpaka afe yeye au afe mumewe. Mshipi mtupu ni mshipi wa mjane. Aile alivifumua vyote. Akatoa sindano na uzi wa mishipa ambavyo kila mwanamke hutembea navyo, akapiga magoti thelujini, akamfunga Njaavi vishikizo viwiliviwili juu ya kwato, miguu yote minne, akivibananisha ili mguu ukikunjuka vigongane.

Wanawake walimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. "Aile, unajifanya mjane na mumeo yu hai?" mmoja alinong'ona.

"Bora mshipi wa mjane kuliko mikono mitupu," alijibu. "Nisubirini hapa, na mtu asitoe sauti."

Akamfungua Njaavi, akamfunga kwenye sleji tupu, akageuka kuelekea walikotoka. Tak, tak, tak, tak. Kwanza polepole, kisha jike likapata mwendo, na mlio ukajipanga kama ngoma ndogo. Misonobari iliyoinamishwa na theluji ilipita kushoto na kulia, na sleji ikateleza bila kukwaruza. Aile alisimama juu yake miguu imetanuka, hana mahali pa kushika, macho wazi gizani.

Walitokea upande wa kulia. Aliwaona kama giza linalotembea ndani ya giza, kundi zima, likienda sambamba naye. Upepo ulikuwa ukitoka kwao kuja kwake, kwa hiyo hawakunusa kitu, na theluji ilikuwa imemfunika yeye na mnyama wake wakafanana na msitu. Mbwamwitu mkubwa alisimama akatega sikio. Tak, tak. Ilikuwa rahisi mno kuzuia hatamu na kunyamaza, na mwili wote wa Aile ulimsihi afanye hivyo. Hakuzuia. Alijua kwamba akisimama, yeye atapona na Ravna atapotea. Akamwacha Njaavi aendelee kuliza miguu yake mbele ya meno yao.

Mbwamwitu akapiga miayo. Miti hii, alijisemea bila shaka, leo baridi imeishika kweli. Akaongoza kundi lake kwenda zake.

Kitambo kidogo baadaye matawi yakatikisika upande wa kushoto, na jike mzee wa kijivu akatoka akikokota sleji, masikio mbele, akiufuata mlio kama mtoto anayefuata harufu ya chapati. Juu ya sleji alikuwa Bi Sunna, nyusi nyeupe kwa barafu, na ndani ya koti lake Ravna amelala fofofo.

Aile aliruka thelujini. Aliingiza mkono ndani ya koti, akahisi joto la mwanawe, na machozi yakamganda mashavuni.

"Umechelewa, mwanangu," Bi Sunna alinong'ona. Kisha akauona mshipi. "Na vishikizo nilivyokuvisha viko wapi?"

"Viko miguuni mwa Njaavi, mama."

Bi Sunna alisikiliza hatua chache. Alikuwa mzee mkorofi, lakini hakuwa mjinga. Akatazama giza walikopita mbwamwitu, akamtazama mkaza mwana wake, akaanza kucheka bila sauti mpaka barafu ikamdondoka kwenye nyusi.

Walipofika mtoni, Bi Sunna ndiye aliyekuwa wa kwanza kuufumua mshipi wake, uliokaa kiunoni mwake tangu ujana. Wanawake wengine hawakungoja kuambiwa. Vishikizo vikafumuliwa, sindano zikafanya kazi, na punde kila kulungu alikuwa na mlio miguuni. Msafara ulipoondoka tena, msitu mzima ulialika kama vidole vya jitu linaloamka usingizini, na mbwamwitu wakajikunja mashimoni wakilaani baridi. Nao wanawake walipita katikati yao kwa mwendo wa kasi, vichwa juu!

Kule kambini wanaume walikuwa wametoka na mienge. Waliona msafara ukija kwa vishindo, Aile mbele na fimbo ya uongozi, na nyuma yake wanawake wote mishipi mitupu. Wanaume wakapigwa na bumbuwazi. Mume wa Aile, Jovna, alijigusa kifua kuhakikisha kwamba bado anapumua. "Nani amekufa?" aliuliza.

"Ukimya," alisema Bi Sunna, akateremka. Akauinua mkono wa Aile juu mbele ya kambi nzima. "Huyu hapa kiongozi wenu. Mimi nilisema mwimbaji, na kumbe alikuwa na wimbo ambao sisi sote hatukuwahi kuusikia." Kambi ikalipuka kwa vigelegele, na kwa mara ya kwanza msimu ule watu waliimba kwa sauti bila kuogopa msitu.

Kesho yake walitaka kuvifungua vishikizo, hawakuviona. Uzi ulikuwa umezama chini ya manyoya na pembe imeshikana na mfupa, nao kulungu wakitembea walilia vilevile, bila maumivu. Majira ya kuchipua Njaavi alizaa. Ndama akasimama akiyumba, akapiga hatua ya kwanza, na watu waliokuwa wamemzunguka wakatega masikio. Tak.

Ndipo wazee walipoitisha baraza. Walisema sheria ya sleji ya mwisho imemtesa mama huyu kupita kiasi, na kwamba kuanzia sasa mtoto wa kiongozi akae mbele, pembeni mwa mama yake. Wote wakamgeukia Aile, wakidhani atashukuru.

"Mwacheni Ravna mkiani," alisema Aile. "Yeyote aliye mkiani ni mtoto wa mtu. Zamani nilikuwa namwogopea. Sasa namsikia."

Na tangu siku hiyo kulungu wa theluji hutembea na mlio miguuni, na theluji iwe nene namna gani, giza liwe zito namna gani, wa mbele humsikia wa nyuma na kundi halipotezani. Ukienda huko leo ukapandishwa sleji jioni, mwenyeji atakufunika ngozi mpaka kidevuni, kisha atakuomba kwa adabu ufunge mdomo. Usichukie. Kiongozi yuko mbele, hageuki kutazama, anahesabu kwa masikio, na mpaka amsikie wa mwisho hawezi kuondoka.

Yangu nimeyamwaga hapa. Anayeyataka ayaokote, na aliyelala afunikwe shuka.