Chungu Kimekwenda, Kifuniko Kimebaki

Paukwa!

— Pakawa!

Wewe uliyejifunika shuka hadi puani, sijakusikia. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sogeeni, moto unatutosha sote.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakisalimiana njiani na kukopeshana bila kuogopana, aliishi mfinyanzi mmoja jina lake Semeni. Vyungu vyake vilikuwa vyepesi, havikuvuja, vilichemsha kunde upesi, na kila mwenye jiko alivitaka. Lakini Semeni alikuwa na jambo lake: alikuwa mdadisi kupita kiasi. Akiona siafu wamegeuza njia, alitaka kujua wameambiwa nini. Akimwona jirani anacheka peke yake, aliacha kazi akamfuata amuulize. Mambo ya wenzake aliyachunguza yote. Ya kwake hakuyachunguza hata moja, na watu wa namna hiyo mnawajua, wengine tumekaa nao hapa.

Sasa, vyungu vilihitajika kabla ya mavuno, na mtama ulipatikana baada ya mavuno. Kwa hiyo Semeni alikopesha. Chungu kimoja, kikapu kimoja cha mtama. Na desturi ya wafinyanzi wa nchi ile ilikuwa hivi: anayekopa huondoka na chungu, kifuniko hubaki kwa mfinyanzi mpaka siku ya kulipa. Kila kifuniko kilifinyangwa pamoja na chungu chake, hakikukaa sawa juu ya chungu kingine chochote. Semeni alikipanga kifuniko juu ya uchaga wake wa miti, huku akiimba:

"Chungu kwako, kifuniko kwangu,
lete mtama, vikutane."

Desturi nzuri. Lakini Semeni akaongeza na ya kwake, na hapo ndipo alipojiharibia. Kila alipokopesha chungu, alitia jiwe dogo ndani ya mtungi, ko! Jiwe lile lilikuwa ni mtama utakaokuja. Mdaiwa akija kulipa, Semeni alimpa kifuniko chake, akamwaga mtama ghalani, akafurahi, akausaga, akaula. Na jiwe je? Jiwe alilisahau mle mle mtungini.

Mtungi ukaendelea kujaa. Semeni akautikisa: ko, ko, ko! "Mimi ni tajiri," akasema, akapika togwa, kijiji kizima kikanywa. Akautikisa tena: ko, ko, ko! "Mimi ni tajiri," akagawa mtama kwa wajomba na mashangazi. Akautikisa mara ya tatu: ko, ko, ko! "Mimi ni tajiri kweli," akawalisha hata wapita njia.

Udongo wake aliuchimba kwenye shimo la Kiboko, ukingoni mwa mto. Kiboko hakuwa na haraka. Alidai malipo yake mara moja kwa mwaka, na siku ikafika.

"Hodi!"

"Karibu, Mzee Kiboko. Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Nimefuata mtama wa udongo. Vikapu vitano, kama tulivyopatana."

"Vitano tu?" Semeni akacheka, akaenda ghalani. Akarudi hacheki. Mle ndani palikuwa na kikapu kimoja. Basi akaubeba mtungi, akautikisa mbele ya mgeni. "Usiwe na wasiwasi, Mzee. Mali ninayo. Sikiliza mwenyewe!"

Kiboko akatia pua mtungini, akanusa. "Haya ni mawe."

"Ni mtama wangu ulio kwa watu."

"Binti, mimi nimelala juu ya mawe tangu nizaliwe, na sijapata kushiba. Nakupa muda mpaka mwezi uandame. Usipoleta vikapu vitano, nitalala ndani ya shimo la udongo, na hakuna atakayechimba humo tena."

Semeni akaogopa. Kwingine kote nchini palikuwa na mchanga mtupu, na mchanga haushikani ukawa chungu. Bila shimo lile, yeye si mfinyanzi tena, ni mwanamke mwenye mikono tu. Lakini hata katika hofu yake udadisi haukumwacha. Mtungi umejaa, ghala limekauka. Kwa nini? Mara hii, swali lilikuwa la nyumbani kwake.

Asubuhi akaondoka. Kwanza akaenda kwa Kanga, akamkuta anapika.

"Kanga, nimefuata mtama wangu."

"Semeni, umeamkaje leo? Nilikulipa kabla vifaranga vyangu havijatoka kwenye mayai. Kama sikulipa, hiki ni nini?" Kanga akainua kifuniko, mvuke ukatoka. Akakirudisha, kikakaa barabara.

Semeni akakitazama. Alama ya kidole gumba chake ilikuwa pale pale. "Nilikupa mimi mwenyewe?"

"Kwa mikono yako miwili."

"Na jiwe lako nikalifanya nini?"

"Jiwe gani?"

Semeni akaketi chini. Mtama wa Kanga uliingia ghalani, akaula. Jiwe la Kanga limo mtungini, analihesabu mpaka leo. Mtama mmoja, ameuhesabu mara mbili! "Kumbe najiita tajiri kwa chakula nilichokwisha kula," akasema. Kanga akacheka mpaka madoa yakakaribia kumdondoka.

Semeni hakucheka. Aliona haya, akarudi nyumbani mbio, akayamwaga mawe yote uani. Kisha akasimama mbele ya uchaga, akatazama vifuniko kana kwamba havijui. Aliyelipa amechukua chake. Kwa hiyo kilichobaki hapa ni cha asiyelipa, hakuna cha zaidi. Vilikuwa vinne tu.

Akavishika kimoja kimoja. Viwili bado vilikuwa safi. Hivyo ni vya Kobe, alikopa juzi juzi. Kimoja kilikuwa na vumbi. Hicho ni cha Nguchiro, amepitisha mavuno. Na cha nne kilifungwa na utando wa buibui pande zote. Kilikuwa cha Pongo, yule paa wa vichakani. "Kwa nini buibui amepata nafasi ya kujenga nyumba nzima hapa?" Semeni akajiuliza. Akavitia vyote kikapuni, akajitwika.

Akafika kwa Nguchiro.

"Nilishalipa, mama yangu!" Nguchiro akaruka. "Haki ya watoto wangu!"

"Kifuniko kiko wapi?"

"Kilivunjika."

"Vigae viko wapi?"

"Watoto wamevichezea."

"Na hiki ni cha nani?" Semeni akaondoa jani la mgomba lililofunika chungu cha Nguchiro, akaweka kifuniko juu yake. Kikakaa kap! Hata unywele usingepita. Nguchiro akajikuna sikio la kulia, akajikuna la kushoto, akaingia ndani, akatoka na kikapu cha mtama. Semeni akaimba:

"Chungu kwako, kifuniko kwangu,
mtama umeletwa, vimekutana."

Akafika kwa Kobe. Kobe hakumngoja aulize. "Unanidai viwili, mama. Mtama wangu ule pale, unachanua. Nikivuna nitakuletea." Semeni akaingia shambani. Palikuwa pamepaliliwa, na wana wa Kobe walikuwa wakifukuza ndege. Akaamini, akaondoka na vifuniko vyake.

Akafika kwa Pongo. Hapakuwa na nyumba, palikuwa na majivu. Chungu kilikuwa vipande vipande katikati ya mafiga.

"Pongo yuko wapi?" Semeni akaita. Tumbili akamjibu kutoka mtini, "Moto wa nyika ulipita hapa. Alikimbia na wanawe usiku uleule, wakavuka milima. Hatarudi huyo."

Semeni akalia. Alimlilia Pongo, na alililia kikapu cha mtama, vyote viwili, sitawaficha.

Mwezi ukaandama. Semeni akashuka mtoni na alichonacho. Kiboko alikuwa amekwisha kuingia shimoni, tumbo lake limejaza shimo zima.

"Vikapu vyangu vitano, binti."

"Viwili hivi hapa, Mzee."

"Na vitatu?"

Semeni akaweka chini vifuniko viwili. "Hivi ni vya Kobe. Shamba lake nimelikanyaga kwa miguu yangu. Akivuna, mtama atakuletea wewe, nawe utampa vifuniko vyake."

Kiboko akavigeuza kwa pua. "Hapo vikapu vimefika vinne. Na hicho ulichoshika?"

Kiboko hutoka mtoni mara moja tu kwa mwaka, kudai malipo yake; habari za moto hakuzijua. Neno moja tu, "ni cha Pongo," na vikapu vitano vingetimia, na lisingekuwa neno la uongo. Shimo lingekuwa lake. Akakitazama kifuniko, akamtazama Kiboko, akatazama udongo.

Kisha akakipiga kwenye jiwe, pa! Kikapasuka.

"Kilikuwa cha Pongo," akasema. "Moto ulimfukuza, amehama, hatalipa. Siuhesabu tena mtama wake. Kikapu cha tano sina, Mzee. Bado unanidai."

Mara hii yeye ndiye aliyekuwa na udadisi. "Ungenipa, ningekipokea."

"Najua."

"Mbona umekivunja?"

"Nimejidanganya mwenyewe mwaka mzima. Sitaki nikuambukize na wewe."

Kiboko akavitazama vile vifuniko viwili vya Kobe. "Hivi nilikuwa na shaka navyo," akasema. "Sasa sina. Kikapu cha tano utanilipa mavuno yajayo."

Akajiinua, akatoka shimoni akivuta miguu, maji yakitiririka mgongoni. Semeni akaingia na jembe lake. Udongo ulikuwa bado na joto la tumbo la Kiboko.

Hadithi yangu imefika mwisho, na koo limenikauka. Aliye karibu na maji anipe.