Ngoma Kuu ya Watu wa Mtoni

Ngoma ya mwenzio ikilowa, yako haichezwi.

Mnaniuliza ilikotoka, na nimefurahi mmeuliza, maana aliyewaambia kwamba maana yake ni "jirani akipatwa, ahirisha sherehe yako" amewadanganya. Kuahirisha kuna kazi gani? Hata mvivu anaahirisha. Methali hii haikuzaliwa kwenye pole, wajukuu zangu. Ilizaliwa kwenye hasira, na mimi kila nikiisimulia hasira hiyo hunipanda upya, kwa hiyo mnivumilie. Ilianza hivi.

Huko Bukwaja, katika nchi ya Wasukuma, penye mawe makubwa yaliyokaliana migongoni, watu walikuwa wakikutana kila baada ya mavuno kushindana kwa ngoma. Makundi yalikuwa mawili, watu wa Mlimani na watu wa Mtoni. Yaliingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, kila kundi na ngoma zake, na watazamaji wakasimama katikati. Aliyevutiwa na upande huu alisogea huku, aliyevutiwa na ule alisogea kule. Jua likizama wazee wa uwanja waliangalia watu wamejaa wapi, basi. Ushindi ulitolewa kwa miguu ya watu.

Lakini ilikuwepo sheria nyingine, na hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Kundi lililoshindwa kuingia uwanjani lilihesabiwa limekimbia. Ngoma yake kuu ilichukuliwa na wapinzani mpaka mavuno mengine, na kundi lisilo na ngoma kuu halikuruhusiwa kucheza popote, si harusini wala msibani. Wacheza ngoma wengi waliishi kwa kualikwa. Kunyang'anywa ngoma kuu ilikuwa ni kuvunjiwa kundi, maana mpaka mwaka uishe wachezaji wangekuwa wameshatawanyika.

Manju wa Mtoni, yaani kiongozi wao na mtunzi wa nyimbo zao, aliitwa Nkwabi, mtu mpole asiye na maneno mengi. Manju wa Mlimani aliitwa Jilala. Sauti alikuwa nayo Jilala, hilo siwezi kumnyima. Shida ilikuwa kichwa. Alikuwa haoni mtu.

Mwaka huo, asubuhi ya siku ya ngoma, ikaja mvua isiyo ya msimu wake. Ulitangulia upepo, ukazoa mapaa ya nyasi ya vibanda vya wageni, kisha ikafuata mvua ya mawe, kisha mto ukafurika. Watu wa Mlimani walikuwa wamepiga kambi chini ya miamba, hata unyoya wa kofia zao haukulowa. Watu wa Mtoni walikuwa bondeni, na maji yaliwakuta humohumo. Yalichukua unga, yakachukua vyungu, yakachukua na shanga za wachezaji. Bibi kizee mmoja aliangukiwa na nguzo akavunjika mkono. Nkwabi alipita kando ya ngoma kuu akiwa amebeba watoto, akarudi akapita tena, na hakuigusa mpaka mtoto wa mwisho alipofika pakavu. Alipoirudia, ngoma haipo. Waliikuta imekwama kwenye matete, imejaa tope, ngozi imelegea. Ukiipiga ilikuwa kama unapiga gunia la pamba.

Adhuhuri mvua ikakatika. Mnadhani Jilala alifanya nini? Alivaa manyoya yake, akajifunga njuga, akashuka hadi kwenye ghala la wazee wa uwanja. Mkubwa wao aliitwa Mzee Ndaki.

"Wazee, jua limetoka," alisema Jilala. "Sisi tunaingia uwanjani."

"Na wenzenu?" aliuliza Mzee Ndaki.

"Wenzetu wakitaka wataingia. Wasipoingia, sheria mnaijua."

Nkwabi alikuwa amekwisha kufika, amesimama mlangoni na tope mpaka magotini. "Wazee wangu," alisema, "tunaomba mtupe mpaka kesho. Ngozi zikauke, na watu wapate kula."

"Mvua sikuileta mimi," alijibu Jilala. "Mwenye akili hapigi kambi kando ya mto."

Sikilizeni ubaya wa neno hilo. Waliowapangia watu wa Mtoni kambi bondeni ni wazee walewale waliokuwa wamekaa ghalani, wakavu, wakinywa togwa! Hata mmoja hakufungua kinywa kusema, "Sisi ndio tuliowaweka pale." Mzee Ndaki alikohoa, akatazama chini, akasema, "Sheria ni sheria." Wakubwa wakikosa la haki la kusema husema hivyo.

Basi Jilala akaingia uwanjani na kundi lake. Akaimba, akapiga, akaruka. Alipofumbua macho kutafuta watazamaji, katikati ya uwanja palikuwa na madimbwi tu.

Watu walikuwa bondeni. Aliyeanza kushuka ni mama yake mzazi Jilala, Milembe, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali. Alibeba makaa kwenye kigae na kikapu cha michembe, vile viazi vikavu vya akiba, akapita pembeni ya uwanja mwanawe akiimba, wala hakugeuza shingo. Wanawake wa Mlimani wakamfuata na kuni kavu kutoka chini ya miamba. Wageni waliokuja kutazama ngoma wakakunja nguo, wengine wakakata miti, wengine wakafuma nyasi za mapaa. Mganga wa mifupa alimfunga bibi kizee mkono. Walipika uji wa mtama kwa vyungu vya kuazima, watoto wakanywa.

Huko uwanjani wachezaji wa Jilala walianza kupungua. Mmoja aliona mkewe anabeba nguzo peke yake, akavua njuga akaenda. Mwingine akamfuata. Mpiga ngoma wake mkubwa alipoweka chini mikwiro, vile vijiti vya kupigia, Jilala alimwuliza, "Unakwenda wapi?" Yule akajibu, "Kaka, huku tunamchezea nani?" Naye akashuka. Jilala alibaki akipiga peke yake. Kiburi kilimshika mpaka jua likaanza kuteremka.

Ndipo alipokwenda kwa Mzee Ndaki akasema, "Mtoni hawakuingia. Nakwenda kuchukua ngoma." Na mzee yule, Mungu amsamehe, mimi bado, alimwambia, "Nenda."

Bondeni alimkuta mama yake ameketi kando ya moto. Ngoma kuu ya Mtoni ilikuwa mbele yake, naye anaigeuza polepole ngozi isije ikapasuka kwa joto.

"Mayu," alisema Jilala, kwa heshima ya mtoto kwa mama lakini uso umekunjamana, "niachie hiyo ngoma. Ni yangu."

"Yako kwa lipi?"

"Nimeshinda."

"Umemshinda nani? Nilikuwa nakusikia toka huku. Ulipiga vizuri tu. Nani alicheza?"

"Nyinyi ndio mliowavuta watu! Wewe ni mama yangu, nawe unawakaushia ngoma wapinzani wangu?"

Milembe akasimama.

"Ndiyo, nawakaushia!" alisema. "Aibu naiona mimi niliyekuzaa, wewe huioni. Hao unaowaita wapinzani ndio waliokufanya manju. Kama hawapo, wewe ni mtu anayepiga kelele porini. Ngoma ya mwenzio ikilowa, yako haichezwi, Jilala. Leo umeonyeshwa mchana kweupe na bado hutaki kuona. Haya, ichukue. Si umesema yako?"

Jilala akainama akaikumbatia ngoma. Haikuinuka. Mti ulikuwa umekunywa maji na tumbo lake bado lina tope. Akajaribu tena, akateleza akapiga goti. Alitazama huku na huku. Wachezaji wake mwenyewe waliendelea kufunga mapaa, hakuna aliyesogea.

Aliyesogea alikuwa Nkwabi. Aliweka chini bakuli la uji alilokuwa ndiyo kwanza analipata tangu asubuhi, akashika kishikio cha upande wa pili.

"Wazee wameamua," alisema. "Nitakusaidia kuibeba. Ila tuifunike, umande usiingie."

Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli, Jilala angepata la kujibu, na ngoma ingekwenda. Walinyanyua wote wawili, wakapiga hatua chache kwenye tope, na bibi yule mwenye mkono uliofungwa akaanza kulia. Jilala akasimama.

"Tuirudishe," alisema.

"Wapi?" aliuliza Nkwabi.

"Motoni. Ngozi bado mbichi."

Wakairudisha. Jilala akavua manyoya, akapanda mlimani, akateremka na ngoma zake zote kavu na kuziweka mbele ya watu wa Mtoni wachague za kuongezea. Wazee wa uwanja nao walishuka baadaye, wamejiandaa kutoa baraka. Milembe aliwapokea kwa majembe. "Baraka tumeshapata," aliwaambia. "Limebaki tope." Wakalizoa, Mzee Ndaki akiwa mbele, na sheria yao haikutajwa tena Bukwaja.

Kesho yake uwanja ulijaa. Makundi yote mawili yaliingia, na ngoma kuu ya Mtoni ililia mpaka ng'ombe wakainua vichwa malishoni. Jua lilipozama miguu ya watu ilikuwa imekwenda kwa Nkwabi. Jilala alishindwa, akanuna, maana alikuwa bado Jilala.

Wakati wa kufunga mizigo, vijana wake walianza kunung'unika. "Tungeichukua ile ngoma jana," mmoja alisema, "leo tusingeshindwa."

Jilala akamgeukia, macho mekundu kwa hasira.

"Tungeichukua," alisema, "leo ungecheza na nani, mjinga wewe? Ngoma ya mwenzio ikilowa, yako haichezwi!"