Msalaba Uliolala kwa Anakleti

"Mlango uliorukwa na sala hufunguliwa na matanga." Mmeisikia leo, mnataka kujua ilikotoka. Methali hii ilianza hivi, wala si hadithi tamu.

Jumuiya ya Mtakatifu Monika ilisali kila Jumamosi, nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Msalaba wa jumuiya ulilala katika nyumba waliyosalia hadi Jumamosi iliyofuata. Anakleti, mume wa Paskazia, alikuwa amepooza miguu na kanisani hafiki tena. Akabaki na ombi moja: jumuiya ije, aimbe nao, msalaba ulale kwake.

Zamu yao ilipofika, Paskazia alitandaza nyasi mpya sakafuni, akachemsha chai, akamvisha mumewe shati jeupe. Wakasikia nyimbo zinakuja. Zikapita, zikaishia kwa jirani.

Paskazia akamfuata mwenyekiti, Mama Generoza.

"Mbona mmeturuka?"

"Tumewahurumia, mwenzangu. Una mgonjwa, chai ya watu wote hawa utaitoa wapi? Tunawaombea huku huku."

"Chai imeshachemka. Basi njooni Jumamosi ijayo."

"Tutaona."

Hawakuona kitu. Zamu ilizunguka, wakarukwa tena, kwa huruma ile ile. Mimi nasema huruma isiyouliza ni uvivu uliovaa rozari.

Kila Jumamosi Paskazia alitandaza nyasi mpya, na Anakleti aliomba ageuzwe atazame mlango. Paskazia alimgeuza, moyo ukimuuma, maana alijua hakuna ajaye. Mwisho mzee akakataa kugeuzwa. Rozari akaiacha chini ya mto.

"Usiwabembeleze tena," alimwambia mkewe. "Labda na Mungu amepita na wao."

Akafa akiutazama ukuta.

Hapo sasa wakaja! Sare zimepigwa pasi, masufuria kichwani, viti vya kukodi, uwanja haukutosha. Mama Generoza alitangulia na msalaba, wakauanza wimbo alioupenda marehemu. Paskazia akasimama mlangoni.

"Imbeni kwa nguvu," akasema. "Siku zile angewasikia hata mkinong'ona. Leo yuko mbali."

Wimbo ukakatika.

"Tupokee, mwenzangu," Mama Generoza akasema, macho chini, akiunyoosha msalaba.

"Ingieni. Kauwekeni kifuani kwake. Ulale naye leo, kesho tunamzika."

Wakaingia mmoja mmoja, kwa mara ya kwanza, wakizikanyaga nyasi alizozitandaza Paskazia Jumamosi iliyopita. Nje, bikizee mmoja wa jumuiya hiyo hiyo alishindwa kuvuka kizingiti. Akakaa chini, akasema akilia, "Mlango uliorukwa na sala hufunguliwa na matanga."