Kikaango cha Somoe

"Pua ya jirani hainenepeshi mtoto." Mmemsikia mama yenu akimjibu hivyo yule wa nyumba ya pili, mkacheka, sasa mwaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Basi kaeni, na mikono iendelee kupepeta huo ufuta. Hadithi haizuii kazi.

Methali hii ilianza hivi. Zamani, huku kwetu Lindi, sifa ya mke ilikuwa kikaango chake. Ufuta ukinukia hadi nyumba ya tatu, watu husema, "Pale pana mke." Somoe, aliyeolewa kutoka mbali, aliitaka mno sifa hiyo. Akaukaanga ufuta mpaka ukawa mweusi, akautwanga, akamtilia mwanawe Chande kwenye uji. Majirani wakamsifu, naye kichwa kikavimba.

Lakini Chande alizidi kukonda. Uzi aliofungwa mkononi, kama tulivyowafunga nyinyi, ulilegea hata ukateleza hadi vidoleni. Somoe alikuwa ameshazika mtoto mmoja, na sasa aliogopa sana.

Mama mkwe wake, Bi Asumini, akaja kumtazama mjukuu. Akachota ule ufuta, akaulamba, akatema.

"Mwanangu, huu umeuunguza. Kilichobaki ni uchungu na rangi."

"Basi nimpe mbichi, mama?"

"Jaribu uone."

Akajaribu. Mbichi haukutwangika vizuri, na punje zikatoka kwa mtoto kama zilivyoingia. Msicheke, mama huyajua hayo.

Somoe sasa akawa na hamu ya kujua. Kati ya mbichi na mweusi pana nini? Akapunguza moto, akawa anakoroga huku anatafuna punje mojamoja. Zilipoanza kuruka na kubadilika rangi kidogo tu, zikasagika mdomoni, utamu ukaja. Akaepua hapohapo. Harufu haikufika hata uani.

Akampikia Chande uji wa ufuta huo, na kila asubuhi aliugusa ule uzi. Ukaacha kuteleza. Baadaye ukabana, ikabidi ukatwe afungwe mwingine. Siku hiyo Somoe alilia kwa furaha.

Jirani mmoja akachungulia mlangoni. "Shoga, siku hizi hukaangi? Mbona hatusikii harufu? Watu wanasema umekuwa mvivu."

Somoe akamwinua Chande, akampakata, akamwonyesha jirani ule uzi mpya.

"Nakaanga kila siku, shoga. Lakini pua ya jirani hainenepeshi mtoto."